Mwizi Aliyekimbia Bellevue

Kuna siku moja, mwanangu Shabani, ambayo kila nikiikumbuka hasira inanipanda upya. Jumapili iliyopita umeniletea siku hiyohiyo mezani kwangu, umeipamba, umeipaka rangi, ukaniambia ndiyo sababu ya wewe kutaka kununua bastola. "Mama mkubwa," ulisema, "kuna Mkongomani mmoja pale mtaa wa Bellevue, wezi walimjia mchana, akapiga risasi moja tu kupitia mlangoni, wakatimka. Hawajarudi mpaka leo." Ukamaliza chai yangu, ukaondoka umeridhika. Nilibaki nimeshika birika mpaka likapoa.

Nilikuwapo. Nyumba hiyo ya Bellevue nilipanga chumba cha nyuma, na huyo Mkongomani na familia yake walipanga vyumba viwili vya mbele. Sasa keti unisikilize mpaka mwisho, na hiyo simu iweke chini.

Najua wezi walichokufanyia. Walikuja kwenye saluni yako pale Troyeville, wakakulaza kifudifudi mbele ya wateja wako, wakachukua mashine za kunyolea na simu za watu. Mwanamume akifanyiwa hivyo anarudi nyumbani anaona haya hata kumtazama mkewe. Uchungu wako naujua na sikulaumu. Lawama yangu ni kwa hilo ulilolifikiria baadaye.

Jamaa mwenyewe tulimwita Baba Dido. Mtu wa Uvira, mpole, mlokole, suruali imepigwa pasi hata akienda kununua mkate kwenye spaza, kiduka cha mtaani. Mkewe alikuwa akisuka nywele Yeoville. Mtoto wao Dieudonné, ambaye nyumba nzima ilimwita Dido, alikuwa na miaka kumi na sita mwaka huo wa 2017. Baba Dido alikuwa mlinzi wa usiku huko Randburg. Jioni anapanda teksi, anakesha na fimbo na redio akilinda ukuta wa ofisi za watu, asubuhi anarudi kulala. Mimi wakati ule magoti yalikuwa bado yananitii, nashona sare za shule kwenye baraza ya nyuma kutwa nzima.

Kilichomfanya atake bastola ni kilekile kinachokusukuma wewe, yaani hadithi. Alisikia habari za Mrundi mmoja wa Troyeville aliyewakimbiza wezi. Mimi nilikuwa na wateja Troyeville, nikaenda kuuliza. Wa Troyeville wakaniambia si hapa, ni Mtanzania mmoja wa Randburg. Nikamtuma Baba Dido aulize Randburg, wakamwambia ni mtu wa Bellevue, kwetu hapohapo. Nilicheka mpaka nikajidunga sindano. Yeye hakucheka. "Mama Saumu," akaniambia, "watu wote hawawezi kusema bongo." Nikamwambia si uongo, ni mtu mmoja tu anahamahama.

Na mimi nisikudanganye. Yupo mmoja ninayemjua kwa jina na kwa sura, mzee wa Kikenya aliyekuwa na duka la mabegi. Wezi walimvamia, akatoa bastola yake, wakatazamana, wakaondoka zao, mambo yakaisha. Yalitokea, siwezi kuyakana. Lakini tangu nifike mji huu nikiwa binti, kila aliyenisifia bastola nimemuuliza kama aliiona kwa macho yake ikimwokoa mtu. Wengi wao wananisimulia habari za mzee huyohuyo bila kujua, wamembadilisha kabila tu.

Basi Baba Dido akaenda kwenye mafunzo. Akapiga karatasi yenye umbo la mtu, akapewa cheti, akasubiri leseni mpaka akakaribia kukata tamaa, ikaja. Sheria inataka sefu ya chuma iliyofungwa ukutani, naye akaifunga. Hapo ndipo akili yangu ilipokataa. Usiku, wezi wanapotembea, Baba Dido yuko Randburg na fimbo. Bastola iko Bellevue, ndani ya sefu. Ufunguo uko shingoni mwake, Randburg. Mkewe hawezi kuigusa, sheria haimruhusu na mwenyewe anaiogopa. Mchana ndipo Baba Dido na bastola yake wanakuwa nyumba moja, na mchana mlangoni pake hafiki mtu ila mimi nikiomba chumvi, na watoto wakitoka shule. Nilimweleza haya kama ninavyokueleza wewe, kidole kwa kidole. Alinisikiliza kwa heshima zake zote, kisha akasema, "Iko inanipa amani, mama."

Amani gani, hata sijui. Siku moja wezi walivunja vyumba vyao, mke na mtoto wakiwa kwenye mkesha kanisani na yeye kazini. Wakabeba televisheni, wakaacha mikwaruzo kwenye sefu. Bastola ilikuwa salama kabisa. Asubuhi nyingine walimvua koti na simu karibu na robot, zile taa za barabarani, akishuka kutoka kwenye teksi, na bastola iko nyumbani imelala. Kila alipoihitaji haikuwapo. Badala ya kuliona hilo, akaamua kwamba kosa ni la sefu. Akaanza kulala nayo chini ya mto, na kwenye geti la nondo lililo mbele ya mlango wake akaongeza kufuli la pili.

Sasa nikuambie habari za Dido. Alizaliwa hapahapa. Kiswahili alikielewa chote, ukimsema alijua, lakini kukitamka hataki. Akiitwa na mama yake alijibu kwa Kiingereza, na akiwa na wenzake uani ni Kizulu kitupu. Baba yake alikuwa akimgombeza kila wanapokutana, "Ongea Kiswahili mu nyumba yangu," na mtoto, ili yaishe, akachagua kunyamaza. Matokeo yake mimi jirani niliijua sauti mpya ya Dido, ile iliyoanza kuwa nzito mwaka huohuo, na baba yake mzazi hakuijua. Yeye alimjua mtoto anayekula kimya, kisha yeye baba anachukua fimbo yake anakwenda kazini.

Ilikuwa mwezi wa sita, baridi kali, wakati wa mitihani. Dido alimaliza mtihani mapema, akarudi mchana na mwanafunzi mwenzake aitwaye Themba. Niliwasikia nikiwa kwenye cherehani. Walikuwa wakinong'ona. Unajua kwa nini walinong'ona? Kwa sababu baba amelala na hawakutaka kumwamsha. Adabu ileile niliyokuwa nikimsifia ndiyo iliyomponza. Ufunguo wake haukufaa kwa lile kufuli jipya, akalitikisa polepole, kisha akamwambia mwenzake, "Hamba ngemuva," yaani pita nyuma. Mimi nikawaza tu, huyu Dido leo amerudi mapema, wanakuja kwangu, sijui mkate utawatosha. Baba Dido kule kitandani alisikia wanaume wawili wananong'ona Kizulu, chuma kinatikiswa, na mmoja anamtuma mwenzake azunguke nyuma ya nyumba.

Hakuuliza nani. Hapo ndipo ninapokasirika mpaka leo, Shabani, kwa sababu lilikuwa neno moja tu. Angeuliza, Dido angejibu, angefunguliwa, wangekula mkate wangu na siku ingepita kama siku nyingine. Lakini kile kitu kilikuwa tayari mkononi, na kukitumia kulikuwa rahisi kuliko kuuliza.

Risasi ilipasua ubao wa mlango, ikamwingia Dido juu kidogo ya goti. Nilipokuwa nakimbia kwenda mbele nilimsikia akisema, "Yimi, Papa. Yimi." Maana yake ni mimi. Hata Kizulu chenyewe hakiko mbali na chetu. Nilimkuta ameketi chini, ameegemea geti, macho makubwa. Nikafungua kanga niliyojifunga juu ya gauni, nikalifunga paja lake, nikakaza kwa mikono miwili. Baba yake alikuwa ndani, amefungua mlango wa mbao, anahangaika na kufuli lake mwenyewe, ufunguo hauingii. Alikuwa akirudia maneno yaleyale. "Nilisikia Kizulu tu, mama. Sikusikia mutoto yangu, nilisikia Kizulu tu." Nilizidi kukaza kanga. Ningemjibu ningesema neno ambalo nisingeweza kulirudisha. Jirani akaleta gari, tukampakia mtoto, tukaenda hospitali, na njia nzima sikuiachia ile kanga.

Sasa utaniuliza, na yule mwizi aliyekimbia? Alikuwa Themba. Mtoto alisikia mlio, akaona damu, akatoka mbio barabarani kama ambavyo mimi na wewe tungekimbia. Watu walisikia risasi, wakaona kijana anakimbia, wakajijazia wenyewe kilichobaki. Walimkamata kwenye kona, akala makofi, mpaka mama mmoja muuza nyanya alipowafokea wamtazame vizuri, amevaa sare ya shule na begi la vitabu liko mgongoni. Ile sare niliishona mimi.

Ilipofika jioni wezi walikuwa wawili. Jumapili walikuwa wanne, wana visu, na kanisani kwao watu walisimama kumshukuru Mungu kwa kumtia nguvu mtumishi wake. Mama Dido aliufunika uso wake kwa kitenge, kwani angesema nini mbele za watu. Mimi nilisema. Nilimwambia kila aliyefika kwenye cherehani yangu. Walinisikiliza, wakasema eish, wakatikisa kichwa, halafu wakatoka wakaenda kusimulia ile iliyo tamu. Miaka miwili imepita, na sasa imenirudia kwa kinywa chako wewe, mtoto wa mdogo wangu niliyekubeba mgongoni, nawe umeihesabu kuwa ni mtu aliyeokolewa na bastola. Sijui wangapi wengine tunaowahesabu hivyo.

Polisi waliichukua ile bastola, na kesi ikamzungusha Baba Dido muda mrefu. Hayo tuyaache. Dido alirudi anaburuta mguu, na hivyo ndivyo anavyotembea hadi leo. Lakini si mguu ulioniliza. Alirudi anaongea Kiswahili. Kiswahili kibovu, cha kuungaunga, kwa kila mtu. Akifika nyumbani kwao alisimama mbali na geti, mchana kweupe, akapiga hodi ya kusikika mtaa mzima, akataja jina lake na jina la baba yake, akangoja. Baba yake alikuwa akitoka mbio bila hata viatu kumfungulia. Siku moja alimwambia mbele yangu, kwa sauti ya kubembeleza, "Dido, ongea tu vile unapenda. Ongea Kizulu, hakuna shida." Na yule mtoto akamjibu, "Hapana, Papa. Kiswahili ni sawa."

Nimeona watu wengi wakiumizwa katika mji huu, mwanangu, lakini sijaona uso wa mtu aliyeumia kama wa Baba Dido alipojibiwa hivyo. Miaka yote alikuwa akitaka mtoto aongee Kiswahili.

Sasa tuje kwako. Wale waliokuibia waliingia kama wateja, uliniambia mwenyewe. Mmoja alikuwa ameshakaa kwenye kiti na kitambaa umemfunga shingoni, wewe una mashine mkononi. Hiyo bastola ingekuwa wapi? Ingekuwa kwenye droo usingeifikia. Ingekuwa kiunoni wangeichukua pamoja na mashine, tena wangeifurahia zaidi, na Jumamosi inayofuata ingemlaza kinyozi mwingine kifudifudi. Na ikitoka saluni itakwenda wapi kama si nyumbani, kwenye chumba kimoja na mtoto wa miaka minne? Mkeo ni wa hapa. Mwanao Nandi hata akiota ndoto anaota kwa Kizulu. Kesho atakuwa na miaka kumi na sita, atapoteza ufunguo, atarudi na wenzake, atakuwa anakuonea huruma umechoka, atanong'ona.

Ninachokuomba ni hiki, na sikiombi kwa upole kwa sababu upole nimeumaliza. Hayo mafunzo uliyojiandikisha usiende. Tia geti la pili saluni, lile unalofungua baada ya kumwona mtu. Funga kabla ya giza hata wateja wakinung'unika, na juana na wenye maduka ya jirani mpaka wawe wanatambua kikohozi chako. Wakija tena, wape mashine, wape simu, uso wako uangalie sakafu, urudi kwa mtoto wako ukiwa mzima. Mashine nitakuchangia mimi. Na siku utakayosikia kitu mlangoni, uliza nani, kisha uulize tena, na mikono yako iwe mitupu unapouliza, maana nimeona mtu mwema kabisa akisahau kuuliza kwa sababu ya alichoshika. Mtu akikusimulia tena habari za mwizi aliyekimbia, mwambie akutafutie huyo mwizi kwanza, umwone alikuwa nani.

Nimechoka kuyasema haya, na Jumapili ukija nitayasema tena. Mungu akulinde, mwanangu, akulindie na mkeo. Amkuze Nandi, awe anarudi nyumbani kwako saa yoyote, na rafiki yeyote, akiongea lugha yoyote aitakayo, nawe uijue sauti yake, umfungulie.