Kabari ya Mvule Ndani ya Gari la Umeme

Kaka yangu Kwasi Ntow alikataa kupanda gari lililobeba jeneza la mama yetu kwa sababu dereva alikuwa anakwaruza gia. Akatembea kwa miguu mpaka makaburini, na suti yake nyeusi. Nasema mapema ili mtu asije akaniuliza kwa nini jambo la gari moja lilituchukua mwaka mzima.

Yeye alikuwa dereva wa lori la Bedford, bodi ya mbao, limeandikwa mbele kwa rangi nyekundu: TUTAONA. Lilipandisha chumvi, samaki wakavu na watu kutoka Nkawkaw, tunakoishi sasa, mpaka nyumbani kwetu Obo, juu ya mlima. Moshi wa kazi ile umekaa kifuani mwake hadi leo. Ukimpakia kwenye gari la kawaida anakohoa kabla ya kona ya kwanza, midomo inabadilika rangi, tunageuza. Pasaka mbili mfululizo tuligeuza. Mkwahu, yaani mtu wa milima yetu, asipoonekana nyumbani Pasaka, watu huuliza amekufa au amefilisika. Kaka alianza kusema atakaporudi Obo atakuwa amelala na miguu mbele, na hakusema kwa utani.

Basi mwanangu Ofosuhene, mwenye duka la makufuli na bawaba kule Accra, akaja siku moja akasema anaagiza gari la umeme. Halina moshi, halina hata bomba la kutolea moshi. Litashuka bandarini Tema kabla ya Pasaka. "Mjomba," akasema, "safari hii utapanda, na utakula fufu ya Obo." Kwetu mtoto ni wa mjomba wake kuliko wa baba yake, kwa hiyo mimi mama yake sikuulizwa chochote.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Ofosuhene alileta picha kwenye simu, maana hilo gari unachagua vitu vyake kama mtu anayechagua kitambaa. Rangi hii au ile. Betri ndogo au kubwa. Mota moja nyuma, au mbili, nyuma na mbele. Mwanangu alitaka paa la kioo. Kaka akamuuliza anataka kuangalia nini, ndege? Kaka mwenyewe akataka mota mbili na kiti kinacholala, basi. Mwanangu alipojisifu kwamba likikanyagwa linaruka kama swala, kaka akasema kukimbia kwenye tambarare hata mbuzi anakimbia, yeye anaulizia mlima, watu watano ndani na mizigo ya Pasaka. Alipoambiwa halina tairi la akiba, alimrudishia simu yake.

Kila jioni walipigiana simu. Betri itachoka mlimani? Wakati wa kushuka, kweli inajijaza yenyewe? Na umeme ukikatika, si unakatika kila mara? Dedaa, anayekaanga ndizi mbele ya geti letu, alikuwa anasikia yote. Akaniambia, "Mama Yaa, hilo gari likiishiwa nguvu kule konani, mtalinywesha uji?" Nikamjibu kwamba ndizi zake zinaungua. Lakini moyoni nilikuwa upande wake. Mimi mlima ule naujua kwa magoti.

Zamani, nikiwa bado msichana, utingo wa kaka alitoroka na msichana mmoja wa Mpraeso siku ambayo lori lilikuwa limejaa, na mzigo wangu wa samaki ukiwa ndani. Nikasema kabari nitashika mimi. Ni kipande cha mvule, kizito kama kichwa cha ng'ombe, kilichongwa kiingie nyuma ya gurudumu. Abiria wakacheka, msichana kushika kabari. Nikawaambia asiyetaka ashuke atembee. Hakushuka mtu, na kazi ile ikawa yangu mpaka nilipoolewa, na hata baada ya hapo mume wangu akinuna.

Kwenye kona ya chemchemi kila lori lilichemka. Nikiruka chini na kuchomeka kabari, watu wanashuka, wanakula karanga na ndizi ya kuchoma, wanawake wananyonyesha, mimi nachota maji ya rejeta. Harufu ile ya mpira moto na majani mabichi, naikumbuka kuliko ya manukato yoyote niliyowahi kununuliwa. Kisha kaka anaachia klachi. Lori linarudi nyuma kidogo, linaegemea kabari, mti unalia, ndipo linavuta. Hapo nainyakua, nakimbia, mikono inanivuta ndani. Nikichelewa, nimeachwa. Lori zito ukilisimamisha tena pale hulitoi. Kaka alikwenda mpaka tambarare ya Atibie, na nikifika nimejaa vumbi, namkuta ameniwekea chungwa lililomenywa. Hakuwahi kusema pole. Chungwa tu.

Gari lilifika wiki ya Pasaka yenyewe, jeupe, kimya kama paka. Tulimlaza kaka kwenye kile kiti, vioo vikafungwa. Tukaanza kupanda, nyuma ya foleni ya magari ya watu wa Accra yanayotoa moshi, na mimi sikuangalia barabara, niliangalia midomo yake. Ilibaki na rangi yake. Kona ya kwanza ikapita. Hakukohoa. Alikuwa ametega sikio, anasikiliza injini isiyokuwepo, na mguu wake wa kushoto ulikuwa unakanyaga klachi hewani.

Tulipofika kwenye kona ya chemchemi akasema, "Simamisha."

"Mjomba, hapa ni mlima."

"Ndiyo maana nasema simamisha. Liondoke kutoka hapa. Likiweza hapa, nitaliamini."

Ofosuhene akasogea pembeni. Nikafungua kikapu changu, nikatoa kabari ile ile chini ya khanga. Miaka yote hii inazuia mlango wa jikoni kwangu.

"Mama, umebeba gogo? Gari linajishika lenyewe!"

"Lijishike. Mimi nashuka."

Nilipiga magoti kwenye lami nikaichomeka nyuma ya gurudumu. Nikabaki pale, mkono tayari. Nilisubiri mti ulie. Haukulia. Gurudumu liliondoka tu, kama mtu anayeinuka kwenye kiti bila kuaga, na kabari ikabaki imesimama peke yake. Nikamsikia kaka ndani akisema, "Usisimame mpaka Atibie." Mwanangu hawezi kumkatalia mjomba wake. Wakaenda.

Nikaiweka kabari kichwani nikapanda. Chemchemi siku hizi imejengewa saruji, hakuna anayeinama pale. Vijana walinipigia honi, wakataka kunipa lifti, nikakataa. Njia ile niliwahi kuikimbia.

Pale Atibie gari lilikuwa pembeni, mlango wazi. Kaka alikuwa na kisu na chungwa, anamenya, maganda yameanguka kwenye kiti kipya.

"Liligusa kabari?" akaniuliza.

"Halikugusa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, kaka."

Akafuta kisu kwenye suruali. Ofosuhene, kwa furaha yake, akasema sasa lile gogo tulitupe, halina kazi tena.

"Liweke kwenye buti," kaka akasema.

"Lakini mjomba, halina kazi."

"Na mimi nina kazi gani? Mbona mmenipandisha?"

Mwanangu akaenda kufungua buti. Kaka akanipa chungwa. Alikuwa amelimenya vibaya, nusu ya maji imemwagika, tena lilikuwa chachu. Nililifyonza lote mpaka tukaingia Obo.