Mbwa Ambaye Hakuwepo Mazikoni

Mume wangu alikufa kwa kichomi, msimu wa baridi ambao Mlima Meru ulijifunika siku nzima na kahawa ikawa inaota ukungu mikekani kwa kukosa jua. Tulimpakia kwenye lori la Mhindi pale Maji ya Chai apelekwe hospitali mjini Arusha, na mbwa wake akalikimbiza lile lori mpaka pumzi ikamwishia. Maiti iliporudishwa ndani ya sanduku, shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alimfunga mbwa nyuma ya zizi asije akasumbua waombolezaji. Kwa hiyo mbwa hakuliona sanduku wala kaburi. Yeye aliliona lori tu.

Matanga yalipokwisha kila mtu alishika njia yake, nikabaki mimi na mbwa. Watu wakiniuliza, "Unaendeleaje, mama?" nilijibu, "Salama." Wala sikuwa nawadanganya, kwa sababu sikusikia kitu. Nilikata majani ya ng'ombe, nilichuma kahawa, nilipika ndizi kwenye sufuria ileile ya watu wawili, nikala zangu, zilizobaki nikammwagia mbwa. Unajua mguu unavyokufa ganzi ukiukalia? Mimi nilikufa ganzi mwili mzima, na sikuwa na haraka iniachie.

Mbwa naye alikuwa na mambo yake. Asubuhi alifukuza tumbili kwenye mahindi yetu kule juu karibu na msitu, na hapo simnyimi haki yake, bila yeye tusingevuna hata gunzi. Jua likishapanda, huyoo, kateremka barabarani kwenda kulala karibu na bucha, mahali malori yanaposimama. Wanawake wenzangu wa kanisani walikuwa wakisema, "Jamani, mbwa ana upendo! Anamngoja baba." Nikawaambia anangoja mifupa ya bucha. Waliguna. Nilishachoka na watu waliotaka nilie ili na wao wapate pa kulilia.

Kumwita arudi ilikuwa kazi bure. Mbwa yule alitii kitu kimoja tu duniani, mluzi wa mume wangu: vidole viwili mdomoni, miwili mifupi, mmoja mrefu. Mimi nikimwita kwa mdomo ananitazama tu, halafu anageuza kichwa. Na kwetu mwanamke hapigi mluzi. Nilipokuwa msichana nachunga mbuzi nilijifunza kwa siri, nikaujua sawasawa, mpaka siku mama yangu aliponisikia akanizaba kofi. "Unaita msiba nyumbani!" Sikurudia tena.

Basi, jumbe akatangaza kwamba kichaa cha mbwa kimeingia huko chini kwenye mashamba ya Wazungu. Amri ya serikali: kila mbwa afungwe kwao, atakayekutwa anazurura ni risasi. Shemeji alikuja na kamba.

"Shemeji, mfunge," akaniambia. "Na akikushinda, waache wammalize. Mwenye mbwa hayupo, wa nini tena?"

"Sawa," nikasema. Siku zile nilisema sawa kwa kila kitu. Nikamfunga.

Siku ya soko nilirudi kutoka kukata majani nikakuta kamba imetafunwa. Nilisimama na mzigo wangu kichwani, nikajisemea, sawa, kajitakia mwenyewe. Halafu bunduki ikalia huko barabarani. Sijui nilitua mzigo saa ngapi. Nilijikuta nateremka mbio, mtu mzima mimi, na kaniki yangu ya msiba, mundu bado mkononi, nikimtukana yule mbwa njia nzima.

Mbwa mmoja alikuwa amelala mtaroni, mwekundu, si wetu. Wetu alikuwa ng'ambo ya barabara, masikio juu, anatazama lori linalokuja. Bwana mifugo alisimama na kaptula yake, na askari pembeni yake alikuwa anawasogeza watu wapishe.

"Huyo wangu!" nikapiga kelele. "Ana mwenyewe huyo!"

"Mama, kaa pembeni."

"Nasema ni wangu!"

Bwana mifugo akanitazama mimi na mundu wangu. "Basi mwite. Asipokuja, mama, utanisamehe. Ni amri."

Nikamwita, hakugeuka. Nikamwita tena, kijana wa bucha akacheka. Askari akainua bunduki. Nikaangusha mundu, nikatia vidole viwili mdomoni. Kwanza ukatoka upepo mtupu. Nikalamba midomo, nikapiga tena: miwili mifupi, mmoja mrefu.

Soko zima liligeuka kunitazama. "Yesu wangu, mjane anapiga mluzi!" alisema jirani yangu aliyekuwa anauza ndizi, akajiziba mdomo. Na apige makelele akitaka. Msiba ulishakuja kwangu, ungeniletea kitu gani kingine?

Mbwa alikuja, na mbio zile sikuwa nimeziona tangu siku ya lori. Alivuka barabara, akapita katikati ya vikapu vya watu, akanifikia, akanipita. Alisimama nyuma yangu akitafuta. Alinusa miguu ya mwanamume mmoja, akaiacha, akanusa ya mwingine. Nikamshika shingo, nikachuchumaa, nikamfunga kilemba changu. Nikamwambia kwa Kimeru, maana Kiswahili hakukijua: "Amekufa. Tumemzika pale kwenye migomba."

Neno hilo sikuwa nimelitamka. Watu wote walisema amelala, ametutoka, Bwana amemwita, na mimi nikaitikia. Sasa nililisikia kwa masikio yangu mwenyewe, kwa sauti yangu. Nikakaa chini vumbini, nikalia kama mtu aliyepata habari saa ile.

Mbwa alikaa kando yangu, akaendelea kuitazama njia niliyotokea.