Tulikuwa Tunafunga Wawili

Wewe, mtu akikuambia tufunge pamoja tuombe, si unajua ni kukaa njaa? Basi ngoja nikuchekeshe, kama utacheka.

Msichana wangu ako na mimba, na mbili zimeshatoka mbele ya hii. Daktari alimwambia alale tu, asishike hata ndoo ya maji. Mimi shule niliachia darasa la pili, sijui maombi ya Kizungu, lakini njaa naijua. Nikaambia rafiki yangu wa kanisa, yule wa Yamumbi tumeimba pamoja tangu tukiwa na meno yote, tufunge kila Ijumaa mpaka huyu mtoto azaliwe. Akakubali, hata akalia.

Kila Ijumaa asubuhi ananitumia sauti kwa simu. Sauti nyembamba, kama ya mtu amelazwa: Mama, tumbo inauma, lakini tusimame. Nikisikia hiyo napata nguvu, napita chai nikiangalia kando. Jioni naenda kwake, tunafungua na mursik, maziwa yangu ya kibuyu.

Ijumaa iliyopita mawingu ilikuwa mbaya. Nikachukua boda mapema, saa saba. Nikapiga hodi nikiingia, vile tumezoea. Nikampata na chapati nusu mkononi, sahani ya madondo, maharagwe, mbele yake, midomo inang'aa mafuta.

Nikadhani amezidiwa na njaa siku hiyo, nikamwambia pole. Akanishangaa.

"Mama, kwani wewe umekuwa ukikaa njaa kweli? Na hiyo mwili yako yote? Mimi nilijua tunasema tu, vile watu husema."

"Tangu lini?"

"Sijawahi, Mama. Kaa, chapati ni moto."

Sikukaa. Na mimi si malaika. Kuna Ijumaa nililamba sukari, nikamwambia Mungu hapo hapo jikoni. Jioni nikamwambia na huyu rafiki, na aliniwekea mkono kwa kichwa, akaniombea nisamehewe. Na yeye ameshiba. Chapati nitasahau. Hiyo mkono siwezi.

Nyumbani mjukuu wangu, firstborn wa huyu msichana wangu, miaka tisa, huniita Kogo, nyanya kwa lugha yetu, akauliza mbona kibuyu imerudi imejaa. Nikamwambia yote. Nikamwambia sasa nimebaki kumfungia mama yake peke yangu. Akachezea kifuniko ya kibuyu.

"Kogo, Ijumaa nitaacha mandazi ya break. Na nikishindwa nikule, nitakuambia."