Ulimi wa Fenda

Fenda alikuwa mtia nili, ile rangi ya samawati ya nguo, na watia nili wa upande ule wa Kayes huujua mtungi wa rangi kwa ulimi. Unachovya kidole, unaonja, unatema. Majivu yanayotiwa humo yakizidi, ulimi unaungua. Yakipungua, maji hayana ladha na nguo itatoka rangi ya punda. Miaka arobaini Fenda alionja hivyo. Kisha msimu wa mvua uliopita akaugua homa, na alipopona ulimi wake ulikuwa umekufa. Uji, chumvi, pilipili, vyote kwake vikawa maji.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Wanawe watatu wako Paris. Hupiga simu Ijumaa kuuliza hali, naye hujibu mzima. Mumewe alifariki miaka tisa iliyopita. Nyuma ya ukuta aliishi mke mwenzake, Jaba, lakini hawakuwa wakisemezana. Mzee alikata roho alfajiri, katika zamu ya Fenda, na Fenda hakumwita Jaba aje waagane. Kosa lilikuwa lake, tusizunguke. Basi kila mmoja akawa anapika sufuria ya mtu mmoja, na kuimaliza peke yake.

Mitungi miwili aliikisia. Wa kwanza ulitoa kijivu, wa pili ukala pamba mpaka nguo ikachanika. Ndipo Niuma, jirani mwenye domo, alipoleta shuka la kitanda la harusi ya mwanawe, vipande sita vyeupe vilivyoshonwa pamoja.

"Mama Fenda, nasikia siku hizi unatia watu majivu."

"Na mimi nasikia mwanao kapata wa kumwoa. Maajabu hayaishi. Lete shuka."

"Harusi Jumapili ya wiki ijayo. Mume wangu kalifuma miezi minne, mgongo umempinda. Ukiliharibu, hakuna atakayekanyaga tena uani kwako."

Hilo ndilo Fenda aliloliogopa. Bila wateja, uani kwake nani angeingia? Alichanganya mtungi, na povu lilipoanza kupanda siku ya sita akajifunga kilemba, akazunguka ukuta.

Jaba alikuwa akipepeta mtama. "Umepotea njia?"

"Nimekuja kukuomba ulimi, Jaba. Wangu umekufa."

"Miaka tisa, leo unakuja kuomba ulimi!" Jaba alimkazia macho, mtama ukamwagika. "Salamu hutoi, unaomba ulimi!" Lakini aliweka ungo chini, akamfuata.

Alionja, akatema. "Bado." Akakaa kivulini kana kwamba hana kwao, mpaka adhana ya alasiri. Kesho yake alikuja na karanga, akaonja, akasema bado. Siku ya tatu bado tena, na wakamcheka marehemu alivyokuwa akikoroma hadi mbuzi wanashtuka. Fenda alicheka hadi machozi. Kisha akatazama povu, limekuwa jekundu kama shaba. Mtungi ukipitiliza huoza.

"Jaba, harusi kesho kutwa. Niambie kweli."

Jaba alichambua karanga mbili kabla ya kujibu. "Umeiva tangu juzi."

Fenda hakuuliza kwa nini. Alijua; nyuma ya ukuta nako kulikuwa na sufuria ya mtu mmoja. Alilizamisha shuka, akalitoa kijani, akalipunga upepo hadi likageuka samawati, kisha akarudia mara nane. Lilipokauka lilikuwa limekolea karibu na weusi. Niuma alilisugua kwa kidole, akalinusa, akatafuta neno la kuudhi na kulikosa. Akaondoka nalo kichwani.

"Haya, Bi Mkubwa," Jaba alisema, akijipangusa nguo. "Kazi yako imekwisha." Akaenda zake. Jioni hiyo Fenda alikula amesimama, kwa sababu kukaa kulimfanya atazame mahali alipokuwa mwenzake. Upweke ulimuuma kuliko miaka yote tisa.

Asubuhi alitwanga majani ya nili, akachuja maji ya majivu, akajaza mtungi. Kisha akapiga kelele kuelekea ukutani.

"Jaba! Njoo unionjee!"

Jaba alikuja haraka, kanga ya kichwa haijafungwa vizuri. Akachungulia mtungini. Hapakuwa na povu hata tone. Akatazama kamba ya kuanikia, tupu.

"Nguo ya nani?"

"Hakuna nguo."

"Na huu umeuchanganya lini?"

"Leo hii."

Jaba aliifunga kanga vizuri. "Basi itabidi nije wiki nzima."

"Ndiyo," alisema Fenda, akaenda kuongeza mtama sufuriani.