Siku Nilipoingiza Pikipiki ya Bwana Mifugo Kwenye Josho

Naanza kwa kuwataja waliokuwepo, asije mtu akawaambia nimeficha: alikuwepo mdogo wangu Makuru, alikuwepo Nyamisi, kitinda mimba wetu, alikuwepo baba mdogo Machota aliyetoka Kigera na viatu vyake vyeusi, na Mzee Mugaya mwenyekiti wa kijiji, na Bwana Mifugo mwenye mkono uliofungwa bendeji, na wanaume wa Mugeta karibu wote pamoja na ng'ombe wao, kwa sababu ilikuwa siku ya kuwaogesha dawa ya kupe joshoni. Kama kuna ng'ombe ambaye hakuniona siku ile, basi alikuwa mgonjwa. Wengine wanaaibika kwao ndani, mlango umefungwa. Mimi niliaibika mbele ya kijiji kizima cha ujamaa, nimevaa suruali ya marehemu baba.

Wazazi wetu walikuwa wameshafariki wote wawili. Niliacha shule nikabaki na wadogo zangu, na tulipohamia kijijini tukapewa kiwanja kama wengine, tukajenga, tukalima pamba. Lakini ukoo haukuridhika. Baba mdogo alikuja kuwagawa watoto, Makuru aende naye Kigera, Nyamisi apelekwe kwa shangazi Kisorya, na mimi, eti, niolewe (na nani, hawakusema). Mzee Mugaya akanitetea: nikipata kazi ya posho, watoto wabaki kwangu. Baba mdogo akakubali, ila akasema kama hadi jioni ya siku ile ya kuogesha sina kazi, anaondoka nao.

Sasa Bwana Mifugo alikuwa amepigwa teke na dume, mkono haukunjiki, na yeye ndiye aliyekuwaga anazunguka na pikipiki kutangaza siku za josho hadi vijiji vya mbali. Akasimama mbele ya watu akauliza nani anajua kuendesha, kijiji kitamlipa posho hadi mkono upone, na baada ya hapo atabaki kuwa tarishi wa kijiji. Wanaume wakatazama chini. Mimi nikasema, "Najua."

Neno moja tu. Na sikuwa mwongo kabisa, maana pikipiki ile niliiosha kila wiki, niliisukuma, niliikalia ikiwa imezimwa nikamwona Bwana Mifugo akiiwasha mara nyingi. Tena nilikuwa naendesha baiskeli ya baba, ambayo haikuwa na breki; ukitaka kusimama unaweka unyayo kwenye tairi la mbele, inalia kidogo, inasimama. Nikajua chombo ni chombo.

"Nyangeta, una uhakika?" Bwana Mifugo akaniuliza.

"Nina uhakika, Bwana Mifugo."

"Zunguka zizi mara moja, urudi hapa."

Makuru akanivuta pembeni. "Dada, hii inasimamaje?"

"Kama baiskeli," nikamwambia. "Kaa na mdogo wako."

Basi nikapanda, nikaipiga teke ikawaka, nikaweka gia kama nilivyoona, na jamani ikaondoka, tena vizuri, wanawake wakapiga vigelegele, nikampita baba mdogo nikamwona amekunja uso, nikasema moyoni leo utarudi Kigera peke yako, na hapo ndipo niliponyoosha mguu kuweka unyayo kwenye tairi ili nipunguze mwendo kwenye kona. Unyayo haukufika. Palikuwa na chuma pale, tena cha moto. Nikaogopa, nikakaza mikono, na mkono wa kulia ndio wa kuongezea mwendo, kwa hiyo nilivyoogopa ndivyo nilivyokaza, na nilivyokaza ndivyo ilivyokimbia, na ilivyokimbia ndivyo nilivyoogopa.

Ng'ombe wakatawanyika. Wenye ng'ombe wakatawanyika pia. Nikatafuta mahali pasipo na mtu wala mnyama, nikaona uwazi mmoja mzuri kwenye ua wa magogo, nikaelekea huko. Ulikuwa mlango wa josho. Mnaofuga mnajua ulivyo: mwanzoni mpana, kisha magogo yanabana hadi ng'ombe anapita mmoja mmoja, hawezi kugeuka, na mbele yake ni shimo la dawa tu. Umetengenezwa hivyo makusudi. Mbele yangu kulikuwa na mtamba mwekundu aliyekuwa amegoma kuingia tangu asubuhi, akageuza kichwa, akaniona ninavyokuja, akaruka mwenyewe. Nikamfuata, mimi na pikipiki ya serikali.

Nilipoibuka nilisikia sauti ya Bwana Mifugo. "Funga mdomo, Nyangeta. Usimeze." Nikashika mkia wa mtamba, akaogelea akanivuta hadi upande wa pili, tukapanda ngazi za saruji pamoja, tukasimama kwenye sakafu ya kuchuruzikia, yeye anajikung'uta, mimi nachuruzika. Wakaja wanawake wakanimwagia maji safi ndoo kwa ndoo.

"Huyu mwaka huu hapati kupe," mtu akasema, na watu walicheka hadi wengine wakakaa chini.

Pikipiki ilivutwa kwa kamba na maksai. Lakini mafuta yake yalikuwa yameelea juu ya dawa, na Bwana Mifugo akasema josho limeharibika, limwagwe, lisuguliwe, lijazwe upya. Hapo hakuna aliyecheka, maana maji yanatoka lamboni, bondeni kule, kwa kichwa.

"Nimeona," baba mdogo akasema. "Makuru, Nyamisi, chukueni nguo zenu."

Mzee Mugaya akamzuia kwa fimbo. "Ngoja, Machota. Aliyeharibu mali ya kijiji anaitengeneza kwa kazi, yeye na nyumba yake. Hawa ni nyumba yake. Hakuna anayetoka hapa kabla josho halijajaa. Au utabeba wewe?"

Baba mdogo akalitazama shimo. Akavitazama viatu vyake. Akasema atarudi kuwachukua maji yakitimia.

Kesho yake Makuru alikuwa anapanda kutoka lamboni mbio, debe kichwani, anataka tumalize upesi. Nikamuuliza, "Wewe, una haraka ya kwenda Kigera?" Akasimama, akafikiri, akapunguza mwendo. Tangu hapo tulibeba kila siku bila kukosa, taratibu, tukipumzika njiani. Majirani wenye ng'ombe walichoka kungoja, wakajaza wao, lakini Mzee Mugaya akasema hayo ni maji yao, sehemu yetu bado iko palepale. Bwana Mifugo alinifundisha baadaye, na somo la kwanza hakuiwasha kabisa, alinionyesha breki. Ndiyo maana leo sipandi kitu chochote kabla sijauliza kinasimamaje, hata ngazi.

Sehemu yetu ya maji hatujaimaliza. Baba mdogo kila akija alikuwaga anauliza, na Mzee Mugaya anamjibu kwamba bado, Machota, bado sana.