Elisifa na Kumbukumbu Iliyovuja

Mwaka 2001, kila mwenye barua pepe Moshi alinitukana mimi. Nilikuwa mpokea simu wa kampuni ndogo ya intaneti, na seva yetu ilipogoma, matusi yaliishia mezani kwangu. Elisifa hakutukanwa. Yeye alikuwa chumba cha nyuma, amefunga mlango, na uhakika wake wote.

Uhakika alikuwa nao wa kugawa. Programu ya kupokea na kusambaza barua aliiandika mwenyewe, msichana wa Shirimatunda, hapa hapa Moshi, na alitembea kama mtu aliyejenga ghorofa. Shida ni kwamba programu hiyo ilikuwa inavimba. Kumbukumbu ya mashine ilijaa taratibu, kila kitu kikawa kizito, mwisho seva ikalala chali. Tukiizima na kuiwasha inapona, halafu inaanza kujaa upya.

Bosi wetu, Filemon, uvumilivu ulimwisha. "Elisifa, nimeagiza programu ya kununua. Fundi anakuja nayo Jumatatu kutoka Dar. Hii yako tunaitoa."

"Jumatatu bado mbali," Elisifa akamjibu. "Nitaona inapovujia."

Hata kumeza mate hakumeza. Mimi ningelia.

Kwanza alizishuku picha za mlima, maana kampuni za watalii zilitumiana picha nzito kweli kweli. Akajitumia picha mpaka akachoka. Kumbukumbu ilichukuliwa, ikarudishwa yote; picha hazikuwa na kosa. Ndipo akaiuliza programu yenyewe: kwa sasa wameingia wateja wangapi? Ikajibu, zaidi ya mia mbili.

"Tuna laini nane za simu," aliniambia, macho yanang'aa. "Hawa wengine wamekaa wapi?"

Akanieleza. Kila mteja akiingia hupewa sehemu yake ya kumbukumbu, na akiaga, sehemu ile hurudishwa. Kwa hiyo kulikuwa na watu wanaoondoka bila kuaga. Kukisia hakukumfaa, alitaka kuwaona. Tukapanda mlimani hadi Old Moshi kwa Mama Tabitha, mteja wetu aliyepokea maombi ya safari ya wapanda mlima kwa barua pepe nyumbani kwake. Mimi sikualikwa, ila umbea kama ule singeukosa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni, kiburu cha ndizi na maharage kiko tayari."

"Tutakula, mama. Kwanza tuonyeshe unavyosoma barua."

Mama Tabitha akawasha kompyuta, modemu ikapiga kelele zake, barua zikaanza kuingia. Ya mwisho ilipotua tu, akachomoa waya ukutani na kuuchomeka kwenye simu ya mezani.

"Mama, mbona hukufunga barua pepe kwanza?" Elisifa akauliza.

"Nifunge nini tena? Simu ni hii moja, na majirani wote wanaitegemea. Si Filemon mwenyewe alitufundisha? Barua zikiingia, chomoa! Huku juu wote tunafanya hivyo."

Elisifa alicheka mpaka akashika ukuta. Programu yake ilikuwa inawasubiri watu walioondoka zamani, na kila mmoja imemtunzia nafasi yake.

Tuliporudi ofisini na kumsimulia Filemon, aliona aibu, akakimbilia simu. "Basi nawapigia wote, waache kuchomoa."

"Usimpigie mtu," Elisifa akasema. "Kosa ni langu. Nimeandika kana kwamba kila nyumba ina simu ya ziada, na mimi nimezaliwa hapa hapa. Waache wachomoe. Hiyo inayotoka Dar, unadhani inajua mambo ya Mama Tabitha?"

Filemon akarudisha simu mahali pake.

Elisifa akarekebisha. Mteja akinyamaza kupita muda wake, programu inamhesabu ameondoka na kurudisha nafasi yake. Tukakaa kutazama. Watu wakaingia, wakachomoa. Kumbukumbu ikapanda, ikashuka, ikapanda, ikashuka. Mwisho wa wiki nzima haikujaa. Nilifurahi, lakini niliogopa bado, maana fundi alikuwa njiani.

Jumatatu alifika kweli, na boksi lake kwapani. Filemon akamwagizia chai, akamwacha anywe yote.

"Samahani kwa safari, ndugu yangu," akamwambia. "Yako ni nzuri, sina shaka. Ila hii yetu inatujua."

Elisifa aligeukia dirishani, akajifuta macho kwa kiganja. Mimi, ambaye simwachi mtu bila kumtania, siku hiyo nilimmiminia chai tu.