Kumi na Saba ya Mama

Msimu wa kahawa Iyula ulianza puani. Kabla hujaona kichanja kimoja kimejaa, ulikutana na harufu ya maganda yaliyomenywa jana, chachu na tamu kwa pamoja, ikitoka nyuma ya kila nyumba na kuingia mpaka kwenye blanketi. Mwaka ninaousimulia, katikati ya miaka ya tisini, nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Shule zilikuwa zimefungwa, na baridi ilitufanya tuipende kazi ya kuchambua kahawa barazani, kwa sababu hapo jua lilifika mapema. Ndipo alipokuja Suzana kutoka Tunduma. Alikuwa binti wa mama mdogo, amenizidi miaka mitatu, na kwa kuwa alisoma ng'ambo ya mpaka, Nakonde nchini Zambia, Kiingereza alikisoma bila kukwama. Mama yake aliuza mitumba, na ndani ya robota moja la makoti kilikutwa kitabu kisicho na jalada. Hakuna mteja aliyekitaka. Suzana alikifunga kwenye kitenge akaja nacho kwetu.

Kilikuwa kitabu cha mchezo, lakini mchezo usio na ubao. Wachezaji hukaa pamoja, mmoja anasimulia nchi ya mazimwi na mapango, wengine wanasema watu wao wanafanya nini humo. Kabla ya safari, kila mchezaji lazima amtengeneze mtu wake, na mtu huyo hupimwa kwa mambo sita. Suzana alishinda siku nzima akiyatafsiri, anafuta na kuandika upya: nguvu, wepesi, ustahimilivu wa mwili, akili, busara, na mvuto mbele za watu. Nilipoyasoma kwenye daftari lake nilishusha sauti kama mtu aliyeingia kanisani akakuta ibada imeanza. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba binadamu anaweza kutazamwa pande sita, wala kwamba akili na busara ni vitu viwili. Shuleni tuliwajua wenye akili na wasio nazo, basi.

Alama zilitoka kwenye dadu. Unarusha mara nne, unaitoa namba ndogo kuliko zote, unajumlisha tatu zilizobaki. Unafanya hivyo mara sita, kisha unaamua mwenyewe jumla ipi iende wapi. Sisi tulikuwa na dadu moja tu, ya ludo, hivyo mtu mmoja alirusha mara ishirini na nne. Tuliirusha kwenye sinia la bati, mimi nikiitaja namba kwa sauti, Suzana akiandika jumla. Mama alikuwa hatua tatu kutoka kwetu, ameketi mkekani, anatenga punje mbovu. Alikuwa ametuonya mara moja tu kwamba tukianza kamari kitabu kitaingia jikoni. Baada ya hapo hakutuinulia macho.

Nilipomaliza, nikaona jumla yangu ya tatu imeandikwa kumi na tatu. Nilikuwa na hakika ilikuwa kubwa zaidi, ila namba zenyewe zilikuwa zimenitoka. Suzana alisema ninataka kuiba. Nikamwambia Kiingereza chake hakimfanyi ajue hesabu. Alinyanyuka, akaanza kukizungushia kitabu kitenge, akasema Jumamosi anarudi kwao nacho. Nikaona nchi yote ile inafungwa mbele yangu kabla sijaingia.

"Ilikuwa tano, mbili, sita, tano," mama alisema, mikono yake ikiendelea na kazi. "Si mmesema inatolewa ndogo? Suzana umetoa tano ukaiacha mbili. Ni kumi na sita."

Suzana alisimama na kitenge mkononi. "Mama mkubwa, umezikumbuka?"

"Si mlikuwa mnazitaja?"

Akazirudia zote. Alianza na mrusho wa kwanza akaenda mpaka wa ishirini na nne, na kwa kila nne alisema ipi inatoka na tatu zinabaki ngapi. Suzana alifuatisha kwenye daftari kwa kidole. Jumla tano zilikuwa sawa. Ya tatu ndiyo ilikuwa na kosa. Mimi sikulitazama daftari. Nilikuwa namtazama mama, ambaye nilidhani namjua.

Suzana alikaa, akamsogezea sinia. "Mama mkubwa, rusha na wewe."

Alikataa, kisha akajifuta mikono. Alirusha taratibu, akitaja jumla kabla Suzana hajaweka kalamu. Kubwa kuliko zote ilikuwa kumi na saba, ndogo ilikuwa saba. Mimi nikasema kumi na saba iende kwenye nguvu, maana gunia tuliloshindwa kulisogeza sote wawili mama alilibeba peke yake.

"Nguvu zipeni hiyo saba," alisema. "Nguvu nimechoka nazo. Kumi na saba wekeni kwenye akili."

Suzana akapekua kurasa, akamwambia kwamba mwenye akili nyingi kwa kawaida huwa mchawi.

"Uchawi siutaki hapa kwangu."

Suzana alisoma tena, midomo ikicheza. "Lakini hapa wanasema uwezo wake anaupata kwa kusoma vitabu."

Mama alirudi kwenye punje zake. "Basi huyo ni msomi. Andika msomi."

Mama aliishia darasa la nne. Alitolewa shule ili awalee wadogo zake, mama yake Suzana akiwa mmojawapo. Nililijua hilo siku zote, kama nilivyojua jina la babu, lakini siku ile ndipo nilipousikia uzito wake. Suzana hakuondoka Jumamosi. Msimu mzima msomi wetu alitutangulia kwenye mapango, akihesabu hatua na milango, na kila tulipotaka kupigana na zimwi aliuliza kwanza linakula nini.

Leo nafundisha hisabati sekondari ya kata, mwendo mfupi kutoka nyumbani. Wasichana wa Iyula wanaingia darasani kwangu asubuhi na madaftari kifuani, wengi wao mabinti wa wakulima kama sisi, na hakuna anayeshangaa kuwaona. Mama bado yupo. Magoti yamemwisha, akili haijaguswa. Ninapogeuka kutoka ubaoni na kukuta mkono umenyooshwa kabla swali halijaisha, huwa najiuliza yeye angekaa dawati lipi. Nadhani la mbele kabisa, na mimi ningepata shida kumfundisha.